Ndege ya kuchezea ya rimoti: inarukaje, na wapi umrushie mtoto bila hatari

Ndege ndogo za kuchezea zinazoendeshwa kwa rimoti zimeanza kuonekana katika maduka ya vifaa vya watoto, na wengine huletewa na ndugu wanaotoka Dar es Salaam au nje ya nchi. Wasikilizaji kadhaa wametuuliza: inafaa kwa mtoto wa umri gani? Mbona yetu inaanguka kila tukirusha? Na je, Serikali inaruhusu? Tumeona tuyaeleze haya kwa maandishi, ili mzazi aweze kusoma taratibu kwenye simu yake kabla hajatoa pesa.

Jambo la kwanza ni kwamba huu si mchezo wa mtoto peke yake. Gari la kuchezea likikushinda, litagonga ukuta na kusimama. Ndege ikikushinda inaweza kwenda juu ya paa la jirani, kwenye nyaya za umeme, barabarani au ziwani, na mtoto ataifuata huko huko. Kwa hiyo popote tunaposema "rusha", tuna maana ya mtoto na mtu mzima pamoja.

Kinachoiinua ni nini?

Mchukue mtoto mahali penye upepo, mpe kipande cha boksi, akishike kwa mikono miwili, ukingo wa mbele ukiwa juu kidogo. Atahisi boksi linataka kupanda. Bawa la ndege hufanya kazi hiyo hiyo. Linausukuma upepo chini, na upepo nao unalisukuma bawa juu. Akilala bapa kabisa na upepo, nguvu hiyo hupungua. Akiliinua mno, boksi linamrudisha nyuma. Ndege ikiinuliwa pua kupita kiasi huanguka kwa sababu hiyo hiyo, maana hewa haipiti tena vizuri juu ya bawa.

Bawa linahitaji hewa inayopita kwa kasi. Kazi ya kuleta kasi hiyo ni ya pangaboi dogo linalozungushwa na mota, ambalo kwa Kiswahili sanifu huitwa rafadha. Uzito unaivuta ndege chini, na hewa yenyewe inaizuia isiende mbele. Ndege inayoruka vizuri ni ile ambayo nguvu hizi nne zimepatana.

Kabla ya kurusha, iweke juu ya ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, karibu robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Inatakiwa ikae sawa au pua iiname kidogo. Mkia ukilala chini, usirushe. Sogeza betri mbele au bandika kitu kidogo kizito puani. Ndege nyingi zinazosemwa ni mbovu hazina ubovu wowote, zimeelemewa mkia tu.

Rimoti inaongeaje na ndege?

Rimoti ni kituo kidogo cha redio. Inatuma mawimbi, na ndani ya ndege kuna kipokezi kinachosikiliza, kama redio yako inavyotusikiliza sisi. Nyingi za siku hizi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale yanayotumiwa na Wi-Fi. Na kama redio, ukienda mbali sana mawimbi yanafifia. Soma kwenye boksi umbali ulioandikwa, kisha usiufikie.

Ndege za bei ndogo huwa na mota mbili. Ukipunguza mzunguko wa mota ya kushoto, ndege inakata kushoto. Ukiongeza zote, inapanda. Zile za bei kubwa zina vipande vinavyopinda mkiani na kwenye mabawa.

Kinachowachanganya wengi ni ndege inapogeuka na kuja upande wako. Kushoto kwake sasa kuko upande wa kulia kwako. Mwambie mtoto kanuni moja fupi: ndege ikija kwako, sukuma kijiti upande wa bawa lililoinama. Bawa hilo litainuka. Mtoto wa miaka minane au tisa anaishika kanuni hii haraka kuliko baba yake. Walio wadogo zaidi waanze na ndege ya karatasi.

Upepo wa ziwa

Sisi wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao tuna jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hayalijui. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, na ya ziwani inakuja kujaza nafasi yake. Ndiyo maana baada ya adhuhuri upepo huvuma kutoka Ziwa Tanganyika kuelekea vilimani. Usiku mambo yanageuka, na upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili bila kufundishwa darasani.

Kwa ndege ya kuchezea maana yake ni hii. Asubuhi mapema hewa huwa imetulia, na ndio wakati mzuri wa kujifunza. Lakini upepo mdogo uliobaki wa usiku unaweza kuisukuma ndege majini. Kwa hiyo hata asubuhi, rushia mbali na ufukwe. Kuanzia Mei hadi Septemba, msimu wa kusi, upepo wa kusini mashariki unaweza kuwa mkali kuliko ndege yenyewe.

Fanya hesabu hii na mtoto. Ndege inakwenda kilomita 20 kwa saa, na upepo ni kilomita 10 kwa saa. Ikielekea upepo unakotoka, juu ya ardhi inakwenda kilomita 10 tu kwa saa. Ikigeuka na kufuata upepo, inakwenda 30. Kurudi ni taabu, kupotea ni upesi. Kwa hiyo irushe ikielekea upepo, na iache ichezee upande ule upepo unakotoka. Ikikushinda, upepo utairudisha kwako.

Na jambo hili mwambieni mtoto kabla ndege haijatoka mkononi: ikiangukia ziwani, imekwenda. Asiingie majini kuifuata, hata kama anaiona inaelea karibu. Ikinasa kwenye nyaya za umeme, asirushe jiwe wala asipeleke mti kuitoa. Piga simu TANESCO au iache. Ndege nyingine itapatikana.

Wapi, na kwa ruhusa ya nani?

Uwanja wa mpira wa kijiji usio na watu unafaa, au shamba lililokwisha kuvunwa. Uwanja wa shule nao unafaa siku ambayo hakuna masomo, ukimwomba mwalimu mkuu. Mitaa iliyobanana ya Mwanga au Ujiji haifai, na kando ya barabara ya bodaboda haifai kabisa.

Wakazi wa mjini wakumbuke kwamba uwanja wa ndege wa Kigoma hauko mbali na makazi. Ndege ya abiria inapotua iko chini na haina nafasi ya kukwepa. Usirushe chochote jirani na uwanja au kwenye njia ya ndege kutua na kupaa.

Anga ya nchi yetu inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Ndege zisizo na rubani, ambazo wengi tunaziita ndege nyuki au droni, zina kanuni zake za mwaka 2018. Kama unayotaka kununua au kuletewa kutoka nje ina kamera, au inaweza kwenda mbali, waulize TCAA kwanza ili ujue kama inahitaji usajili na kibali. Usimwamini muuzaji anayesema "hii ni ya kuchezea tu". Mkoa wetu unapakana na Burundi, na Congo iko ng'ambo ya ziwa. Kitu kinachopiga picha kutoka juu kitaulizwa maswali, na ni haki kiulizwe. Kwa mtoto, nunua isiyo na kamera. Hata hiyo, mwarifu mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, majirani wasiingiwe na hofu.

Betri

Betri nyingi za ndege hizi ni za lithiamu, jamii moja na ya simu yako. Ndege huruka dakika chache tu, kisha betri inahitaji chaji. Tumia waya uliokuja nayo. Wenye sola wasiunge betri hii moja kwa moja kwenye betri kubwa ya volti 12, maana inaweza kulipuka. Chajia sakafuni au juu ya tofali, si kitandani, na mtu awepo. Betri iliyovimba isichajiwe tena, isitobolewe wala isitupwe motoni. Na rafadha ikizunguka, vidole na macho vikae mbali.

Kama pesa haipo

Watoto wetu wamekuwa wakitengeneza magari kwa makopo na tiara kwa mifuko na vijiti tangu zamani. Ndege ya karatasi inafundisha karibu yote tuliyoeleza hapa. Kunja ukingo wa nyuma juu kidogo, uone pua inavyoinuka. Ongeza pini puani, uone inavyotulia. Ndege ya shilingi elfu nyingi haimfundishi mtoto zaidi ya hapo kama hakuna mtu wa kumwuliza "unadhani kwa nini imeanguka?" Na mabinti nao wapewe zamu yao ya rimoti.

Mchezo huu una njia ndefu. Watafiti Lian Pin Koh na Serge Wich walipotaka kuchunguza misitu ya Sumatra kutoka juu bila gharama kubwa, walianza na ndege ya kuchezea ya bei nafuu, wakaitia kompyuta ndogo na kamera. Njia kama hiyo imetumika pia huku magharibi mwa Tanzania, katika Bonde la Issa, kutafuta viota vya sokwe juu ya miti, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Mwaka huo huo, katika Ziwa Victoria, ndege isiyo na rubani ilijaribiwa kubeba dawa hadi kisiwa cha Ukerewe, safari ya kilomita 60 kwa dakika 40 hivi.

Anayesoma haya akiwa Kagunga au Kalya, ambako dawa husubiri boti, anajua dakika 40 zina maana gani. Kazi hizo zinahitaji watu wanaoelewa upepo, uzito na betri. Mtoto anaweza kuanza kujifunza kwenye uwanja wa mpira asubuhi ya Jumamosi, mzazi akiwa amesimama pembeni yake.