Vipele vya ndevu: wembe umepita karibu mno

Ijumaa jioni saluni za kiume za Kinondoni, Magomeni na Temeke hazina kiti kitupu. Kesho kuna harusi, kuna mbio za klabu, kuna mechi ya maveterani, na kila mmoja anataka kidevu kinachoteleza.

"Kaka, ndevu tunaziseti au tunatoa zote?" anauliza kinyozi huku akikung'uta kitambaa.

"Toa zote bosi. Pitisha sifuri, halafu malizia na wembe."

Mashine inapita. Kiwembe kipya kinavunjwa katikati na nusu yake inavishwa kwenye kishikio. Ngozi ya shingo inavutwa kwa kidole gumba, kisha wembe unakwangua kutoka chini kwenda juu mpaka kiganja kikipita hakikwami popote. Inafuata spiriti, mteja anasaga meno, analipa, anaondoka anang'aa. Jumatatu shingo imejaa vipele.

Atalaumu mashine chafu, atalaumu sabuni, wengine watamwambia ana damu chafu. Mashine chafu ina madhara yake, na si madogo, lakini vipele vingi vya ndevu havina uhusiano na uchafu. Vinaletwa na unyoaji uliofanikiwa kupita kiasi. Mteja aliomba asibakiziwe kitu, kinyozi akamtii, na ngozi ndiyo inayolipa.

Nywele zetu za kipilipili hazianzi kujikunja zikishatoka nje. Tundu linalootesha unywele lenyewe limepinda chini ya ngozi. Unywele wa namna hiyo ukikatwa kwa wembe, ncha yake inabaki imechongoka. Siku mbili tatu baadaye unakua, unapinda, na ncha inarudi kuichoma ngozi milimita moja au mbili kutoka pale ulipotokea. Mwili unaupokea kama mwiba: panavimba, panawasha, pengine panatunga usaha, na kikipona kinaacha doa jeusi.

Njia ya pili ni mbaya zaidi, na inatokana na kile kidole gumba. Ngozi ikivutwa, unywele unachomoza kuliko kawaida na kukatwa hapo. Ngozi ikiachiwa, kipande kilichobaki kinazama ndani, kisha kinapokua kinatoboa ukuta wa tundu lake bila hata kuchungulia nje. Nyembe za kisasa zimeundwa kufanya jambo hilohilo. Mwaka 1971 Gillette ilileta sokoni Trac II, wembe wenye makali mawili: la kwanza linauvuta unywele, la pili linaukata chini zaidi kabla haujarudi. Siku hizi kuna za makali matano. Kwenye tangazo huo ni ufanisi. Kwenye shingo ya mtu mwenye nywele za kipilipili, makali manne kati ya hayo hayana kazi ya heri.

Dawa ya kwanza, basi, haiuzwi duka la dawa. Acha kunyoa. Ndevu hukua karibu theluthi ya milimita kwa siku, na zikifika urefu wa sentimita moja hivi, baada ya mwezi, nywele nyingi zilizonaswa hujichomoa zenyewe. Wiki ya kwanza na ya pili ni za mateso, kwa sababu vipele vinaweza kuongezeka kabla ya kupungua, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye wembe. Anayevumilia anaweza kurudi saluni akiwa na ombi jingine: mashine tu, ibakize milimita moja, bila wembe, bila kuvuta ngozi. Milimita moja haionekani mbali kuliko meza ya chakula. Mke atakayeilalamikia hajapatikana.

Asiyeweza kuishi bila wembe atumie wenye kali moja, na anyoe akitoka kuoga, ndevu zikiwa zimelainika. Wahenga waliosema mwenzako akinyolewa zako tia maji walikuwa na mambo mengine kichwani, ila kwa daktari wa ngozi huo ni ushauri halali kabisa. Wembe ufuate nywele zinakoelekea. Shingoni nywele nyingine huelekea pembeni, kwa hiyo pitisha kidole kwanza ujue ziendako. Kuna pia poda ya kunyolea, ile inayonuka kama yai bovu. Inayeyusha unywele badala ya kuukata, ncha inabaki butu, na wengi huipenda kwa sababu hiyo. Lakini ikikaa muda mrefu kuliko ulioandikwa kwenye kopo inaunguza ngozi vibaya, na si ya kutumia kila siku.

Kwa wanaofanya mazoezi, saa ya kunyoa nayo ina maana yake. Ngozi iliyotoka kukwanguliwa ina michubuko midogo isiyoonekana. Ukiipeleka barabarani saa kumi na mbili asubuhi, jasho la chumvi linaingia humo, kola au taulo inasugua, na kilichokuwa muwasho kinageuka kidonda. Nyoa jioni baada ya mazoezi, si alfajiri kabla yake. Ukirudi kukimbia osha uso kwa maji na sabuni isiyo kali, ukaushe kwa kubonyeza taulo. Ile skrabu ya saluni, ya kusuguliwa uso na chembechembe mara tu baada ya wembe, inastarehesha sana na haisaidii chochote. Inaongeza michubuko juu ya michubuko.

Sasa mashine chafu. Hiyo inaambukiza, na kuna mambo mawili ya kuogopa. Mapunye ni fangasi wanaosafiri na vipande vya nywele vilivyobaki kwenye meno ya mashine. Homa ya ini aina ya B ni virusi vya damu, na kwenye kifaa kikavu vinaweza kuishi siku saba au zaidi. Doa la damu usiloweza kuliona kwa macho linatosha. Wapo vinyozi wanaopuliza spiriti kwenye mashine na kuiwasha kiberiti, moto ukapanda mara moja na kuzimika. Inavutia kuitazama, lakini moto wa sekunde mbili hauingii katikati ya meno. Kile kisanduku chenye taa ya bluu nacho kinaaminiwa kuliko kinavyostahili, hata kama taa yake ni ya mionzi inayoua vijidudu kweli. Mionzi hiyo inaua pale inapoangukia tu. Chini ya nywele, mafuta na kivuli cha kifaa kilicho jirani, haifiki. Kwanza brashi, halafu spiriti, na spiriti iachwe ikauke yenyewe. Aliye na uwezo anunue mashine yake na kuja nayo kwenye begi. Kinyozi mzoefu hatakasirika.

Kwa homa ya ini kuna chanjo. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002, hivyo karibu kila aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni. Mtu mzima hupimwa kwanza, kisha huchanjwa dozi tatu katika miezi sita. Ajabu ni kwamba mtu anaweza kukataa kabisa kukaa kwenye kiti chenye vumbi, na swali la chanjo asiwahi kujiuliza.

Kisogoni pana ugonjwa wa peke yake. Vipele vya pale nywele zinapokomea, hasa kwa wanaochongwa mstari kila wiki kwa wembe, huweza kugeuka makovu magumu yanayovimba na kuua nywele. Kola ngumu na helmeti ya bodaboda inayosugua pale pale huchochea. Vikiwa vidogo vinatibika kwa dawa ya kupaka au sindano. Vikishaungana vikawa uvimbe mmoja, mazungumzo yanakuwa ya upasuaji. Asiende mtu kuvikuna wala kuvipakia krimu ya betamethasone aliyoelekezwa na jirani. Krimu hizo hutuliza siku chache za mwanzo, na ukizoea kuzipaka bila daktari zinapunguza unene wa ngozi na kuleta chunusi zake zenyewe. Mkorogo wa kufuta madoa ni balaa lilelile.

Wanabaki wale ambao kazi inawadai kidevu laini: walinzi, wahudumu wa hoteli, askari. Marekani jambo hili lilifika mahakamani. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba kampuni iliyokuwa ikiendesha maduka ya piza ya Domino's isingeweza kushikilia katazo lake la ndevu bila kumpa nafuu mwanaume mweusi asiyeweza kunyoa kwa sababu ya vipele hivi, maana katazo hilo liliwaumiza weusi kuliko wengine. Hapa kwetu haihitaji kufika huko. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kipo tangu 1992 kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi wa ukanda mzima, na waliosomea huko wametapakaa katika hospitali nyingi. Barua ya mmoja wao, yenye mstari mmoja kwamba huyu aruhusiwe kubakiza milimita moja, inatosha kuwekwa mezani kwa meneja.