Kikomo cha saa za ziada Japani: nani alipe?

Tangu Aprili 1, 2024, dereva wa lori nchini Japani haruhusiwi kufanya zaidi ya saa 960 za ziada kwa mwaka. Kwa dereva, huo ni muda wa kulala na kukaa na watoto wake. Kwa mwenye mzigo, ni lori linalochelewa na nauli inayopanda.

Kwa miaka mingi saa za ziada zilikuwa akiba ya kampuni za Kijapani. Chini ya desturi ya ajira ya kudumu, kampuni kubwa ilisita kumfukuza mtu biashara inapodorora, hivyo haikuharakisha kuajiri biashara inapochangamka. Waliopo waliongezewa saa. Sheria ilidai makubaliano na wawakilishi wa wafanyakazi, lakini yakiwekwa kifungu maalumu, kikomo hakikuwepo.

Gharama yake ina jina: karoshi, yaani kifo kitokanacho na kazi kupita kiasi. Mwaka 2000 mahakama ya juu ya Japani iliamua kuwa kampuni ya matangazo ya Dentsu iliwajibika kwa kifo cha mfanyakazi wa miaka 24 aliyejiua mwaka 1991. Mwaka 2015 mfanyakazi mwingine wa kampuni hiyo hiyo, naye wa miaka 24, alijiua. Mwaka 2017 Dentsu ilitozwa faini ya yeni 500,000 kwa kuwazidishia wafanyakazi saa za ziada.

Sheria mpya ilianza Aprili 2019 kwa kampuni kubwa na mwaka mmoja baadaye kwa zile ndogo. Saa za ziada zisizidi 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka. Kwa sababu maalumu, zisipite 720. Kila mwenye haki ya likizo ya siku 10 au zaidi kwa mwaka lazima achukue angalau tano. Madereva, madaktari na sekta ya ujenzi walisubirishwa miaka mitano.

Hata hivyo hesabu ya dereva inatia shaka. Saa 960 ukizigawa kwa miezi 12 unapata 80 kwa mwezi. Hicho ndicho kiwango ambacho, kikiendelea kwa miezi kadhaa, maofisa wa kazi wa Japani hukihusisha na karoshi.

Upande wa soko, makadirio yaliyotumiwa na serikali yalionya kwamba bila hatua yoyote uwezo wa kusafirisha mizigo ungepungua kwa asilimia 14 mwaka 2024, na asilimia 34 ifikapo 2030. Sehemu ya dawa iko kwa wenye mizigo wenyewe. Madereva wamezoea kusubiri ghalani kwa muda mrefu, kisha kushusha mizigo kwa mikono bila malipo ya ziada. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2023 unataka kusubiri, kupakia na kushusha visizidi saa mbili.

Waagizaji wa Dar es Salaam na Mombasa wanaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani wanahusika pia, kwani gari hubebwa kutoka mnadani hadi bandarini kabla ya kupanda meli. Nauli ya nchi kavu ikipanda, itaonekana kwenye ankara. Zamani sehemu ya gharama hiyo ililipwa na familia ya dereva.