UBAO WA KUTELEZA MAJINI: MWANAFUNZI AANZE WAPI?



Likizo iliyopita wanafunzi wawili walinionesha kwenye simu kijana aliyesimama juu ya ubao, ameshika kamba, anavutwa na boti. Wakaniuliza: "Ustadhi, anasimamaje yule? Na sisi wa Nachingwea tunaweza?" Niliwaahidi kuwajibu katika jarida letu, na hili ndilo jibu.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huu huitwa weikibodi. Mwaka 1922, huko Minnesota, Marekani, kijana Ralph Samuelson alifaulu kusimama juu ya mbao mbili huku akivutwa na boti katika Ziwa Pepin. Mwaka 1985 Tony Finn wa San Diego alileta ubao mmoja ulioitwa Skurfer, na mwaka 1990 Herb O'Brien akatoa Hyperlite, ubao usioelea kwa nguvu nyingi, hivyo ukawa rahisi kuanzia ukiwa ndani ya maji.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, mchezo huu huchezwa Kenya katika mahori ya Kilifi na Mtwapa, kwa sababu maji ya hori hutulia. Paje, Unguja, kuna ndugu yake: mtu huvutwa na tiara kubwa badala ya boti, wakati wa upepo wa kaskazi na wa kusi. Vijana wa Kiswahili wamekuwa walimu wa mchezo huo na wanapata riziki.

YALIYONIPATA MIMI

Mwaka 2014 nilikuwa Unguja nasoma stashahada. Siku moja rafiki yangu alinichukua kwenye boti, na mwenye boti akaniuliza, "Unajua kuogelea?" Mimi ni mtu wa bara, nimekulia kwenye mikorosho, lakini niliona haya kusema sijui. Nikajibu, "Najua." Nilipoanguka, miguu ilikuwa imefungwa kwenye ubao na maji yameniingia puani. Nilipapatika nikasahau kila nilichoelezwa. Jaketi la kuokolea, baada ya rehema ya Mwenyezi Mungu, ndilo lililonirudisha juu.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwa hiyo somo la kwanza la ubao ni kuogelea, na la pili ni kusema kweli pale usipojua. Jaketi livaliwe hata na muogeleaji hodari, kwani mtu aliyejigonga kichwa haogelei.

KUTAYARISHA UBAO WA MWANAFUNZI

Ubao wa mwanafunzi hutayarishwa ili umsamehe makosa yake. Zingatia mambo haya:

1. Urefu. Ubao huchaguliwa kwa uzito wa mtu. Mtu wa kilo 70 hadi 80 mara nyingi hutumia ubao wa sentimita 135 hadi 140. Mkubwa kidogo ni bora kwa anayeanza, kwani huinuka mapema na hautikisiki sana.

2. Mguu wa mbele. Kumbuka unavyoteleza kwenye tope la masika: mguu gani hutangulia? Huo ndio wa mbele. Wengine ni wa kushoto, wengine wa kulia, na hakuna kosa. Ukiona mambo hayaendi, geuza.

3. Nafasi ya viatu. Viatu hufungwa juu ya ubao kwa skrubu. Viachane kwa upana wa mabega yako au zaidi kidogo. Kisha virudishwe nyuma ya katikati kama sentimita 2 au 3, ili pua ya ubao isichimbe maji.

4. Pembe. Chini ya kiatu kuna alama za nyuzi. Kiatu cha mbele kielekezwe mbele kwa nyuzi 15 hadi 18, na cha nyuma kiwe nyuzi 0, yaani kikate ubao moja kwa moja. Ukizoea, vyote viwili vitageuzwa nje kidogo.

5. Mapezi. Haya yako chini ya ubao, nayo huufanya uende sawa. Anayeanza apewe marefu.

6. Kukaza. Kaza kila skrubu kabla ya kuingia majini. Kiatu kikilegea kisigino hunyanyuka, na kikibana mno mguu hufa ganzi.

KUINUKA

Kamba ya mita 15 hivi yatosha. Lala chali majini, magoti kifuani, mikono imenyooka, ubao umekaa mbele yako kwa upana. Nahodha aivute kamba polepole mpaka ikaze, kisha aongeze mwendo taratibu hadi kilomita 25 au 30 kwa saa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huvuta mpini kifuani na kusimama haraka, wakaanguka. Usivute! Kaa umejikunja kama mtu aliyechuchumaa, uiache boti ikuinue. Ubao ukishakuwa juu ya maji, simama taratibu, mpini uwe kiunoni, mguu wa mbele uelekee kwenye boti.

Ukianguka, achia mpini mara moja, kisha inua mkono ili wajue uko salama. Katika boti awepo mtu wa pili wa kukutazama wewe tu, maana nahodha anatazama mbele. Boti ikikurudia, injini izimwe kabla haijakukaribia.

JE, SISI WA NACHINGWEA?

Mchezo huu usijaribiwe mitoni wala mabwawani kwetu. Mito ya kusini kama Ruvuma ina mamba, na maji yaliyotuama huweza kuwa na kichocho na visiki visivyoonekana. Lakini watoto wetu huenda Lindi, Mtwara, Dar es Salaam na Unguja kusoma na kutafuta kazi, nao huingia baharini tupende tusipende. Basi mzazi akipata jamaa wa pwani anayejua, amkabidhi mtoto afundishwe kuogelea kwa uangalizi.

Wala wasichana wasiachwe nyuma. Kule Nungwi, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa na mavazi yanayositiri mwili mzima. Picha zao alizopiga Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Stara na kuogelea havigombani.

Basi wanangu, siku mtakapoulizwa kando ya bahari, "Unajua kuogelea?", msijibu kama nilivyojibu mimi. Anayejua aseme najua, na asiyejua aseme nifundisheni.

Wabillahi tawfiq.