Kwera, mfumaji anayepimwa kwa kiota chake

Mvua zikishakolea Ufipa, mkoani Rukwa, na mahindi ya Laela kufika magotini, wakulima huanza kukuta majani yamechanwa pembeni. Mchanaji ni ndege wa manjano mwenye kichwa cheusi. Hutua kwenye jani bichi, huuma ukingo wake, kisha huruka bila kuuachia. Jani huchanika kwa urefu, naye huondoka na utepe mwembamba ukipepea nyuma yake. Huo ndio uzi wake wa kufumia.

Ndege huyu ni kwera, ambaye wengine humwita mnana. Ni wa familia ya Ploceidae, yenye spishi zaidi ya 100, na nyingi kati ya hizo ni za Afrika. Kwera wa vijijini, Ploceus cucullatus, huishi kwa makundi. Mti mmoja jirani na nyumba za watu huweza kuning'iniza viota makumi. Ploceus baglafecht, anayependa nchi za juu, kwa kawaida hujenga akiwa na mwenzake tu, mbali na kelele za kundi. Mkoa wa Rukwa una bahati nyingine: Ploceus reichardi, kwera wa vinamasini, ambaye duniani kote hapatikani ila kusini-magharibi mwa Tanzania na sehemu ndogo ya Zambia. Mwanasayansi Mjerumani Anton Reichenow alimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1886 na kumpa jina la msafiri Paul Reichard.

Katika karne ya 19 Wafipa walisifika kwa kufuma nguo za pamba, na mfumaji wao alihitaji kitanda cha kufumia. Kwera ana mdomo na miguu tu. Dume huanza kwa kufunga utepe kwenye kijiti kinachoning'inia, akiuzungusha na kuupenyeza chini ya mizunguko yake mwenyewe hadi ukaze. Huongeza tepe nyingine hadi ipatikane pete wima inayomtosha kusimama ndani yake. Kuanzia hapo pete ndiyo kituo chake cha kazi. Akiwa amesimama papo hapo, hufuma mbele yake hadi mdomo unapofikia, na hicho kinakuwa chumba cha mayai. Kisha hujipinda kinyumenyume na kufuma upande wa pili, ambako mlango huachwa ukitazama chini. Kwa hiyo kipimo cha nyumba ni mwili wa fundi mwenyewe.

Kazi ikiisha, dume huning'inia chini ya mlango, hupiga mabawa na kuita kwa sauti kubwa. Jike huja, huingia, huvutavuta kuta kwa mdomo. Kiota kibichi na imara kina nafasi ya kukubaliwa. Kilichokauka na kugeuka rangi ya kahawia hupuuzwa. Akiridhika, jike hutandika ndani nyasi laini na manyoya, kisha hutaga. Kiota kikikosa mpangaji kwa siku kadhaa, dume hukifumua na kuanza upya.

Je, ufundi huu ni wa kuzaliwa au wa kujifunza? Watafiti wa Marekani Nicholas na Elsie Collias waliwalea madume wachanga bila kuwapa majani wala nyasi za kuchezea. Walipokuja kupewa, walishindwa kufuma kama wenzao waliozoea kuzishika tangu utotoni. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Patrick Walsh na wenzake, waliowarekodi kwera wa Botswana kwa video. Ndege mmoja alibadili namna ya kufuma kutoka kiota hadi kiota, na kadiri alivyojenga vingi ndivyo alivyodondosha nyasi chache zaidi. Hamu ya kufuma, basi, kwera huzaliwa nayo; umahiri huupata kwa mazoezi.

Mlango wa chini humtatiza nyoka wa mitini, ingawa haumzuii kila mara. Kuna pia kekeo mdogo wa kijani, Chrysococcyx caprius, anayependa kutaga katika viota vya kwera ili wamlelee kinda. Jike wa kwera wa vijijini ana kinga yake: rangi na madoa ya mayai hutofautiana sana kati ya jike na jike, lakini ya jike mmoja hufanana. Akiona lisilofanana na yake, hulitupa nje.

Mkulima ana haki ya kulinda nafaka yake, na kweleakwelea, ambaye ni wa familia hiyohiyo, ameteketeza mashamba mengi nchini. Lakini si kila kiota kinachoning'inia ni cha kweleakwelea. Kwera wa vijijini naye hula nafaka, ila makinda wake hulishwa wadudu kwa wingi, wakiwemo wanaokula mimea yetu. Tuwatambue kabla ya kuwahukumu.

Mayai ya kwera hulaliwa siku 12 hivi, na makinda huruka baada ya wiki tatu hivi. Mwenye mti uliojaa viota akiahirisha kuukata hadi makinda waruke, kizazi kizima kitapona. Na matete ya mabondeni yasichomwe wakati wa kutaga: Ploceus reichardi akitoweka katika vinamasi vya Rukwa na Katavi, dunia haina mahali pengi pengine pa kumtafuta.