Kafyu Ilikuwa Saa Mbili 2021 na Bado Ulitaka Kulala Nje? Rada ya Kupiga Hema Ndani ya Zoni Ilikuwa Hii

Rais Uhuru alipofunga Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru mnamo Machi 26, 2021, form za Diani na Nanyuki zilikufa. Baa zilifungwa, mahoteli yalikuwa ya kununua na kubeba, na kufika saa mbili usiku karao walikuwa barabarani. Lakini kulikuwa na kitu wasee wengi hawakucheki: ndani ya hizo kaunti tano bado uliruhusiwa kutembea. Na huko ndani kuna Bonde la Ufa, maziwa na milima. Hema lako linaozea chini ya kitanda bure.

Kwanza toa hii dhana kichwani kwamba kuna shamba halina mwenyewe. Kenya hakuna. Hiyo nyika unaona Kajiado iko wazi, hata ua haina, ni ya mzee fulani au ya jamii nzima. Usipige hema halafu ungoje uulizwe. Ingia boma la karibu mapema, salimia wazee kwa heshima, vaa maski, uliza kama mnaweza kulala na mtaacha ngapi. Mara nyingi watakuonyesha mahali poa kuliko pale ulikuwa umechagua, na watakuambia fisi wanapitia wapi.

Msituni ndio watu hushikwa. Sheria ya misitu ya 2016 inakataza kuwa ndani ya msitu wa serikali kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi bila kibali. Kwa hivyo Kereita kule Kiambu, au Ngong, ongea na watu wa KFS kwanza. Ngong mimi ningeenda mchana tu, tena na askari wao. Visa vya wizi huko si hadithi.

Kama hutaki stori mingi, nenda Olorgesailie, kama kilomita 65 kutoka Nairobi kwa barabara ya Magadi. Ni ya Makavazi ya Taifa, kuna kempu, na utalala karibu na mashoka ya mawe ya watu wa kale. Joto ni ile ya kukausha koo, so beba maji ya kunywa yote kutoka kejani. Ol Donyo Sabuk kule Machakos pia iko na kempu ya KWS, lakini nyati ni wengi, usizurure usiku ukitafuta kuni. KWS hawashiki cash, hakikisha M-Pesa iko na kitu.

Sasa hii ya mvua, tafadhali. Hasa Aprili. Lile bonde kavu la mchanga laini linakaa kitanda, lakini maji huja kutoka mvua iliyonyesha mbali, wewe ukiangalia nyota. Septemba 2019 watu saba walisombwa kwenye korongo la Hell's Gate wakiwa matembezi tu. Panda juu, hata kama ni kwa mawe.

Kuhusu kafyu ya wakati huo, hesabu yako ilibidi ianze saa kumi jioni. Mat zilikuwa zinabeba asilimia 60 pekee, kwa hivyo za kuelekea Magadi zingeweza kukuacha stage. Ukifika na jua, hema likiwa limesimama saa kumi na mbili, hakuna mtu angekukuta njiani. Asubuhi pia hukufaa kukimbilia barabara kabla ya saa kumi alfajiri.

Nendeni watatu wanne, sio mbogi nzima na spika. Wakati huo mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku, na faini ya kuvunja hizo sheria za korona ilifika 20,000 au miezi sita ndani. Halafu kuna yule mzee wa boma: ukiwa unakohoa, hospitali yake iko mbali kuliko yako. Ukisikia koo inawasha Ijumaa, piga simu uwaambie wasee mmeahirisha.