Lubumbashi: uchovu wa wauguzi hauponi kwa kuambiwa tu "vumilia"

Katika hospitali na vituo vya afya vya kartie ya Golf, kama kwingine mjini Lubumbashi, muuguzi anayetoka zamu ya usiku mara nyingi bado ana safari ya taxi-bus hadi Katuba, Kenya ao Ruashi. Nyumbani familia inamngojea, na kesho yake anarudi kwa wagonjwa. Akilalamika, jibu analolisikia ni moja: vumilia.

Lakini uchovu huo si uvivu. Mwezi wa Mei 2019, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilieleza kwamba kuishiwa nguvu kazini si ugonjwa wa mtu bali ni hali inayoletwa na kazi yenyewe. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kazi kutofanyika vizuri tena.

Anayelipa kwanza ni mgonjwa. Muuguzi aliyechoka anaweza kusahau dozi ao kukaripia familia inayotafuta pesa za dawa. Mganga kijana anayeogopa kutukanwa anachelewa kumuita mkubwa wake usiku, na saa hiyo moja inaweza kuchukua uhai.

Congo inajua uzito huo. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, watumishi wa afya 171 waliambukizwa. Tarehe 19 Aprili 2019, Dkt Richard Mouzoko, mganga wa OMS kutoka Kameruni, aliuawa ndani ya hospitali mjini Butembo. Wenzake walipaswa kuendelea na kazi.

Nguvu ya kuendelea inajengwa na timu nzima, na mengine hayaombi bajeti. Baada ya kifo kigumu, mkubwa wa zamu anaweza kukusanya watu wake dakika kumi: nini kilitokea, nani ameumia moyoni, tubadilishe nini. Kosa lisemwe ili lisirudiwe, wala si ili mtu aaibishwe mbele ya wagonjwa. Ratiba ya usiku itundikwe wazi, ili zamu ngumu zisiangukie watu walewale kila mara.

Njia nyingine ni msaada wa kwanza wa kisaikolojia, ambao OMS na washirika wake waliutolea kitabu cha mwongozo mwaka 2011. Una hatua tatu: kuangalia, kusikiliza, na kuunganisha mtu na msaada anaouhitaji. Haumlazimishi mtu kusimulia yaliyompata, na hauhitaji kuwa mtaalamu wa akili. Mwenzako akianza kunyamaza, kukosa usingizi ao kunywa pombe kupita kiasi, muulize hali yake mapema.

Hata hivyo, kikao cha dakika kumi hakilipi kodi ya nyumba. Waganga na wauguzi wa Congo wamegoma mara nyingi wakidai mshahara na primu ya hatari, na wengi wanafanya kazi bila kuwa kwenye listi ya mshahara ya Serikali. Mkubwa anayehubiri umoja huku primu zikigawanywa gizani anaivunja timu yake mwenyewe.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vyote navyo vinahitaji kula na kulala.