Sauti Iliyokula Jina

Betri za redio zilipochoka, kwetu Matombo zilianikwa juani pembeni mwa jamvi la pilipili manga. Jioni zilirudishwa redioni, na zikijaliwa zilifikisha mchezo mmoja mwisho. Ndivyo tulivyowafahamu Pwagu na Pwaguzi, wale wezi wa mchezo wa Radio Tanzania Dar es Salaam, milima ya Uluguru ikiwa imesimama kati yetu na mji wa Morogoro.

Pwagu alikuwa Rajabu Hatia, Pwaguzi alikuwa Ali Keto. Wengi wetu majina hayo tuliyajua ukubwani. Mwigizaji wa jukwaani hubadili vazi, leo mfalme kesho mtwana. Wa redio akishikwa na mhusika mmoja hana pa kukimbilia, maana sauti ndiyo sura yake, ndiyo vazi lake, na mwisho humla hata jina.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko isikikavyo. Redioni anayenyamaza ameondoka, kwa hiyo mwenzake anapozungumza mwigizaji huguna, huvuta pumzi, huitikia, ili msikilizaji ajue bado yupo. Anayetoka nyumbani kwa hasira hurudi nyuma hatua mbili tatu kutoka kwenye kipaza sauti huku akifoka, nasi humwona kabisa akivuka kizingiti. Karatasi ya mchezo huiweka chini polepole. Ikichakarika, msikilizaji atasikia makuti yanaungua.

Mwaka 1993 ukaanza katika redio hiyohiyo *Twende na Wakati*, mchezo wa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Dodoma haukurushwa mpaka 1995, ili watafiti walinganishe wasikilizaji na wasiosikiliza. Ulifuata mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico: mhusika mwema, mhusika mbaya, na yule anayeyumba katikati. Mbaya alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye mahawara njiani na mkewe Tunu nyumbani. Hapo ndipo ninapomvulia kofia mwigizaji. Mkwaju akichukiza mno, watu watazima redio. Akipendeza mno, vijana watamwiga. Ilibidi acheke kicheko cha mtu unayetamani kupanda naye lori, kisha katika kicheko hichohicho usikie anakoelekea.

Kwetu mchezo ulipokwisha redio ilizimwa upesi kuokoa betri. Usiku mmoja, gizani, kaka yangu alijaribu sauti ya Pwaguzi. Mama akamjibu Pwaguzi, akamuuliza leo amemwibia nani.